Daraja Kavu

Mshale wa mita ulikuwa umelala kama mkwe aliyeshiba, na mtihani wa kemia ulikuwa umebakiza dakika tano.

Fundi umeme alizikagua waya zake upya. Zinki ilikuwa kwenye glasi hii, shaba kwenye ile, na katikati daraja la chumvi: kikaratasi alichokichovya kwenye maji ya chumvi kama alivyoagizwa, kisha akakifuta na kukikausha kwa mikono yake mwenyewe. Miaka ishirini ya kupanda nguzo ilimfundisha kwamba maji na umeme haviivi chungu kimoja. Kovu la kidole gumba lilikuwa shahidi.

Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuufanya mtihani huu. Akifeli tena, chuo atakisikia redioni.

"Baba, unakiombea dua?" alinong'ona msichana wa meza ya pili, rika la bintiye.

"Nakibembeleza, mwanangu. Kimenuna."

"Kimya huko!" msimamizi alikemea.

Fundi alikigusa kikaratasi. Kilikwaruza kama jani la kiangazi. Waya zilikuwa na kazi yake, sawa. Lakini chumvi ilitakiwa kuvuka kutoka glasi hadi glasi, na chumvi haitembei pakavu.

"Mimi na woga wangu," alijisemea.

Akakichovya tena, akakilaza juu ya glasi mbili kikichuruzika, mkono wa pili ameuficha mgongoni kama afanyavyo nguzoni ili umeme usimpitie kifuani, macho ameyafumba, akingoja kupigwa shoti.

Msichana alishindwa kuzuia kicheko.

"Baba, fumbua macho! Mshale umeamka!"