Kidonge cha Nusu Mwezi

Siku ya pili ya msiba wa mama mkwe wake, Agness alikatazwa kugusa sufuria.

"Mama amelishwa kitu," wifi yake Francisca aliwaambia waombolezaji. "Na aliyekuwa akimpikia tunamjua."

Agness alikwenda kuketi nyuma ya nyumba, mkono juu ya tumbo lake la miezi minne. Mimba mbili zilikwisha kuharibika. Madaktari wa utafiti waliofika Bugarama walisema tezi yake ya shingo imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Ili mimba hii ya tatu ishike, ameze kidonge kimoja kila alfajiri kabla ya kula.

Jambo hilo Deodata, mama mkwe, alilichukua mikononi mwake. Kopo la dawa lilipotoka kliniki alilipokea likiwa bado limefungwa, akalitia sandukuni na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Kila alfajiri alimletea Agness dawa yake kiganjani, nyeupe, yenye umbo la nusu mwezi, na kikombe cha maji alichokwisha kukipunguza funda moja. Ndivyo alivyokuwa. Tangu mumewe afe kwa pombe aliyokaribishwa ugenini, hakuna uji wala chai iliyomfikia mtu wa nyumba ile kabla yeye hajaionja. Kisha alifanya ishara ya msalaba na kuketi akimtazama mkamwana wake mpaka ameze.

Agness alijua anachungwa. Mke asiyezaa huchungwa.

Lakini vipimo vya damu havikupanda. Kila mwezi Gidioni, muuguzi wa utafiti, alimuuliza kama hakosi siku. Hakosi, alijibu, mama mkwe anamsimamia. Na kweli kopo lilirudi tupu kwa tarehe yake.

Kisha Deodata akaanza kukonda. Mikono ikamtetemeka, jasho likamtoka asubuhi ya baridi, moyo ukamwenda mbio hata akiwa ameketi. Hospitali alikataa. Alisema atakwenda akishamshika mjukuu. Jumapili alianguka akitoka kanisani, hakuamka tena.

Alasiri ile ya siku ya pili, Gidioni alifika msibani. Alitoa pole, kisha akasema damu ya mwisho imekuja mbaya zaidi, na kuanzia leo lazima amwone kwa macho yake Agness akimeza. Francisca alisogea mlangoni kusikiliza. Gidioni alifungua kopo jipya, akamdondoshea Agness kidonge kimoja kiganjani.

Kilikuwa cha mviringo, na mstari mwembamba katikati.

"Hiki sicho," Agness alisema. "Changu ni cha nusu mwezi."

Gidioni aliugusa ule mstari kwa ukucha.

"Vyote huja hivi, dada, na asiye mgonjwa akivimeza moyo humwenda mbio. Nusu ya pili ilikuwa inakwenda wapi?"

Francisca, aliyekuzwa kwa uji ulioonjwa, ndiye aliyeketi chini kwanza.