Kiyoyozi cha Gari la Turubai

"Kitoe tu, Baba Nuru," Bi Riziki alimwambia mumewe, Mbaruku, kutoka kiti cha abiria, akijipepea kwa kipepeo chake cha ukindu. "Hakijawahi kunifaa kitu."

Fundi Chande alisimama kando ya lile gari kongwe la paa la turubai, spana mkononi, akingoja neno la Mbaruku. Kiyoyozi kiliinyonya injini nguvu. Ndiyo maana Mbaruku, walipolinunua tu gari, alichomoa waya kwa siri na kumwambia mkewe kimekufa. Fundi akifungua, atauona waya ule unaning'inia, na atausema.

Mbaruku alimtazama mkewe, kanga imemganda shingoni kwa jasho. Safari zote alikaa hivyo hivyo, bila kunung'unika.

"Ngoja kwanza, fundi."

Akaingia garini, akawasha injini, akapeleka mkono chini ya dashibodi. Ubaridi ukampiga Bi Riziki usoni.

"Loo, kimepona!" alisema Mbaruku.

Bi Riziki aliacha kujipepea. Aliutazama mkono wa mumewe, ulioingia kule chini bila hata kupapasa. Kisha, katika ubaridi ule, akaanza tena kujipepea.