Mtama wa Melania

"Sumu ya sianaidi!" Mabula alifoka, akiwaonyeshea kidole ng'ombe wake watatu waliokufa katikati ya mtama wa jirani yake, Melania. "Nani mwingine hapa Didia anaishika, kama si Wiliam?"

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaunga mkono. Wiliam, mwana pekee wa Melania, alikuwa amerudi juzi kutoka Geita, kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu kwa sumu hiyo. Kamanda wao alishataja adhabu: kijana atengwe. Asipewe moto wala chumvi, asisalimiwe na mtu.

Melania alipandwa na hasira. Tangu asubuhi alikuwa akirudia jambo moja, na ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Sumu ni ya mtama wenyewe," alisema tena. "Ukiwa mchanga na ukapigwa na jua, unajiwekea sumu, wadudu wasiutafune. Mahindi ya Mabula yameliwa na viwavi mpaka yamebaki vijiti. Haya majani yangu yana hata tundu?"

"Mama Wiliam, usimtetee mwanao kwa hadithi za mabibi," kamanda alimjibu.

"Mwaka jana ng'ombe wangu walimaliza shamba lako lote," Mabula alidakia, "na hakufa hata ndama!"

"Mwaka jana nilipanda mahindi."

Wakacheka. Watu waliolelewa kwa ugali wa mtama! Walihamia kwenye mahindi wakasahau kila kitu, na leo wanamcheka yeye. Alitamani kuwazaba vibao mmoja mmoja.

Mchana bwana mifugo, Boaz, alifika kwa pikipiki. Alimpasua ng'ombe mmoja, akachunguza majani tumboni na damu iliyokuwa nyekundu kupita kiasi.

"Mama yuko sahihi," alisema. "Ni mtama mchanga, una sianaidi hiyohiyo. Kijana hana kosa."

Kamanda alikohoa, kisha akaomba radhi mbele ya wote. Mabula alishusha pumzi.

"Basi uzembe ni wangu. Labda ile miiba ya mlango wa zizi sikuisukuma vizuri."

"Pole, Baba Nyamizi," Melania alimwambia Mabula. "Hutokea."

Nyumbani, Wiliam alimshika mama yake mikono yote miwili kumshukuru. Melania akaruka kwa maumivu, kisha akampa pini.

"Nitoe hii miiba kabla viganja havijavimba," alisema. "Mabula analifunga zizi lake vizuri sana."