Spika Pacha za Muhidin

Pasi haikuwa mahali pake. Mwanatumu akaifuata waya yake kutoka sebuleni, ikapita chini ya mlango, mpaka uani, akamkuta mumewe anapiga pasi sanduku.

"Muhidin, hilo ni sanduku."

"Naliona."

"Kanzu zako za Ijumaa nazipiga kwa pasi hiyo hiyo."

"Nitaipangusa. Usinishughulishe, gundi inapoa."

Basi huyu mzee Muhidin, kazi yake miaka yote ilikuwa milango na vitanda pale Malindi. Mtaliano mmoja aliyekuwa anahama alimwachia spika mbili kuukuu, ndefu kufika kiunoni, na bunda la vinia. Vinia ni ubao, lakini umechanwa mwembamba kama karatasi. Huu ulikuwa wa mti wa Brazil, mistari yake kama halua iliyokorogwa ikagandia hapo hapo. Alipaka gundi kwenye sanduku la spika, akapaka kwenye ubao, akaacha ikauke, kisha akapitisha pasi juu polepole mpaka vikashikana. Na karatasi mbili zilizofuatana kwenye gogo alizifungua kama kitabu, moja spika hii, moja spika ile, mistari ikatazamana.

"Pacha," akasema.

"Za nani?"

"Za nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Muhidin akainama akatafuta msasa. Maana nyumba anazo mbili. Hii ya Barani, ya Mwanatumu, mwaka wa ishirini na sita sasa. Na ile ya Muyeye, ya Widad, mwaka wa sita.

Siku tisa alishinda uani. Alisugua msasa kwa kufuata mistari, akapuliza vumbi, akapitisha kiganja, akafumba macho kusikia kama kuna kinundu. Mwanatumu akitazama kwa dirisha la jikoni. Kiganja kile alikijua. Hakukumbuka lini mara ya mwisho kilimpapasa yeye kwa utaratibu ule.

Vanishi ilipokauka, mzee akazifunika kwa kanga. Kanga yenyewe Mwanatumu hakuijua. Akasoma jina lake: USISUMBUKE KWANGU KESHAFIKA. Siku hiyo wali uliungua.

Nyevu, jirani yake, akachungulia juu ya ua. "Shoga, hizo zinavishwa kama biarusi. Na biarusi hakai kwao."

"Una mabuyu ya kuuza, Nyevu. Nenda kauze."

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Mwanatumu akaamua moyoni: spika zile zikivuka mlango kwenda Muyeye, yeye atafunga nguo zake, atakwenda kwa kaka yake Mambrui, na hatarudi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, tuktuk ikasimama mlangoni. Muhidin akabeba spika moja, akaipakia. Ya pili akaiacha sebuleni.

"Moja yako, moja yake," akasema, jasho linamtoka. "Nimepima kwa rula mpaka mistari. Mungu asije kuniuliza."

Ndivyo alivyo huyu bwana. Hata nguru humpasua katikati, kutoka kichwani mpaka mkiani, asije mmoja akasema amepewa mkia.

Akaichomeka spika kwenye redio ya Mwanatumu, akatia kaseti ya taarabu ya zamani. Nyengine kama hiyo alikuwa nayo mfukoni, ya Muyeye. Fidla ikalia, ngoma ikaitika. Mwanatumu akamngoja mwimbaji. Akangoja mpaka wimbo ukaisha.

"Mwimbaji yuko wapi?"

"Mimi fundi wa mbao," Muhidin akasema, akapanda tuktuk yake.

Siku tatu Mwanatumu alisikiliza vyombo vitupu, na wivu ukamzidi. Mbao ni pacha, sawa. Lakini sauti kapewa yule. Jumatatu asubuhi akavaa buibui akaenda Muyeye, kwenye mlango ambao miaka sita hajaukanyaga.

"Shikamoo dada," Widad akasema. Macho yake mekundu.

"Marahaba. Nimekuja kumsikia mwimbaji wako."

"Umekuja kunicheka. Haya, pita ndani ucheke."

Akabonyeza redio. Mwimbaji akaanza, peke yake, hana fidla, hana ngoma, kama mtu anayeimba bafuni. Akinyamaza, kimya. Akianza tena, anamlalamikia nani, haijulikani.

"Siku tatu hizi," Widad akasema. "Vyombo vyote kakuletea wewe mkubwa. Mimi kaniletea huyu."

Mwanatumu akakaa kitako. Kicheko kikaanzia tumboni, kikampanda, mpaka akashika mbavu.

"Bwana yule," akasema, "hata wimbo kaupasua kama nguru."

Wakatuma tuktuk Barani na ufunguo, ikalete spika ya pili. Kufika alasiri spika zilikuwa zimesimama bega kwa bega ukutani, mistari ya halua imekutana. Nyuma ya redio palikuwa na matundu mawili, moja la vyombo, moja la sauti, kila waya ukapata lake. Mwimbaji akaingia katikati ya fidla, akatulia. Widad akaleta kahawa na kaimati. Mwanatumu akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye mkeka wa mke mwenziwe.

Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mimi. Barani nimekuta kufuli. Kwani leo zamu ya nani?"

Wake wawili wakatazamana.

"Ya Widad," Mwanatumu akasema.

"Ya dada," Widad akasema. Akainuka, akaupita mlango bila kuufungua, akaenda kuongeza sauti ya redio.