Bunduki ya Kubeba

Tangu apatwe na kiharusi, Nyamizi hakuwa ameingia porini kuwinda. Siku aliyokwenda dukani kutafuta bunduki nyepesi, Sefu, muuzaji, alitaka sana kuona angechaguaje. Wateja wengine hulenga ukuta. Yeye aliitundika kila moja begani, akazunguka nayo duka zima.

“Mbona hulengi, mama?”

“Kufyatua ni mara moja, mwanangu. Kubeba ni kutwa.”

Akachagua iliyo nyepesi kuliko zote.

“Hiyo hupiga teke ukifyatua,” Sefu akamwonya. “Mkono wa kushoto utaishika?”

“Hata mimi nataka kujua.”

Akaegemeza mtutu kwenye kaunta, akaubeba mkono uliolegea kwa ule mzima, akauweka chini ya bunduki. Wote wawili wakainama kutazama. Kidole kimoja kikajikunja, kisha cha pili.