Rimu za Baba wa Bibi Harusi

Rimu za gari la Fundi Saa zilikuwa zimeoza, na harusi ya bintiye ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Mwenyewe angeweza kuishi nazo. Kilichomchoma ni baba wa bwana harusi, aliyekuja kupanga mambo ya ukumbi, akalizunguka lile gari mikono mgongoni, kisha akauliza mbele ya watu, "Mkwe, hizi ni rimu au masufuria yaliyoungua?" Watu wakacheka. Akaongeza kwamba gari lake jeupe lipo, limbebe bibi harusi.

Fundi Saa alimjibu kwamba mwanawe atatoka nyumbani kwa baba yake na gari la baba yake, na ukoo mzima wa mkwe utasimama kulitazama.

Kwa mpiga rangi hakwenda. Mtu anayefungua saa ya mkononi na kuirudisha bila kubakiza skrubu ashindwe na gurudumu? Aliliinua gari kwa jeki, akaliegesha juu ya matofali, akayalaza magurudumu yote manne uani. Siku ya kwanza aliyaosha kwa sabuni na petroli. Ya pili alipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Miwani aliivua mapema, isije ikapata rangi.

Likabaki suala la mipira. Rangi ikiigusa, kazi inaonekana ya mlevi. Dawa yake ni kuchomeka karatasi ngumu kati ya mpira na rimu, moja baada ya nyingine, mpaka duara lijae kama meno. Alijaribu magazeti, yakalegea. Ndipo alipozikumbuka kadi.

Mchapaji wa kadi za harusi alikuwa ameboronga, akaandika Jumapili badala ya Jumamosi. Alirudia kazi bure, na sasa stoo kulikuwa na maboksi mawili yanayofanana, mabovu na mazima, kadi mia moja kila boksi, za wageni wa upande wa bwana harusi. Moja lilikuwa limefungwa kamba, fundo juu ya fundo, kama mzigo ulio tayari kwa safari. Jingine lilikuwa wazi.

"Mama," alimwambia mkewe aliyekuwa jikoni, "zile kadi mbovu zimepata kazi. Na nzuri nazipeleka kwa mkwe leo hii."

"Umezisoma lakini?"

"Mke wangu, mimi riziki yangu ni saa. Siku itanipotea?"

Boksi la kamba alilipeleka mwenyewe. Mkwe hakulifungua, alilituma vilevile kwa kaka yake mkubwa mji wa pili, awagawie ndugu.

Zile nyingine zilienda ishirini na tano kila gurudumu. Akapuliza praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine, akapuliza rangi ya fedha mara tatu, akamalizia na ya kung'arisha. Kadi zilipochomolewa zimegandamana na rangi, alizitia moto. Mkewe alimsifu kwa kutotupa kitu.

Jumamosi, saa nne kamili, gari lilisimama mbele ya ukumbi. Rimu zilimeta, unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Upande wa bibi harusi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Upande wa pili walikaa mkwe, mkewe, bwana harusi na msimamizi wake.

"Watu wasio na saa hao," Fundi Saa alimnong'oneza mkewe, akatoka na kitambaa kufuta vumbi kwenye rimu.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita, naye bado anafuta. Mkwe alitoka na simu mkononi, akasimama kando ya gari bila kulitazama.

"Mkwe," alisema taratibu, "kaka yangu anauliza, kesho wafike saa ngapi."

Rimu nne ziligharimu makopo tisa ya rangi, siku nne za kuinama, na kadi mia moja za Jumamosi.