Zamu ya Kulinda Mayai

Mwaka ule wa ukame, Kanga na Kwale walisaidiana: mmoja akienda kuchakura, mwenzake alilinda viota vyote viwili. Kicheche akamnong'oneza Kanga, "Yule si wa kabila lenu. Mayai unamwachiaje?"

Maneno yakamwingia. Akamwambia Kwale, "Kuanzia leo usisogelee mayai yangu!"

Siku ya tatu njaa ikamshinda Kanga, akatoka. Aliporudi alikuta maganda matupu. Kwale alikuwa palepale, hatua mbili tu, amelalia yake.

"Jamani, hukumwona Kicheche?"

"Nilimwona, dada. Si ulinikataza nisisogee?"

Kesho yake Kwale naye akaishiwa nguvu. "Dada, niangalizie mayai kidogo tu, nikatafute chochote."

Kanga akageuza shingo, akampa kisogo. Kichakani, Kicheche alikuwa amejilaza, hana haraka.